Uuguzi wa kiholistiki wodini hatua kwa hatua: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa kidonda cha sukari

Wanafunzi wengi wa uuguzi wanaijua holistiki ya mtihani tu, kwamba mtu ana mwili, akili, jamii na roho, taja nadharia tano, toa mfano, maksi zako hizo hapo. Alafu anaingia wodi ya upasuaji zamu ya usiku, manesi wawili, wagonjwa wamejaa mpaka wengine wamelala chini, anasema aah hiyo holistiki ni ya wenye nafasi, sisi huku tunaokoa maisha. Mi nakataa. Kumuuguza mtu kwa ujumla wake hakuhitaji muda wa ziada kama watu wanavyodhani, kunahitaji utumie ule muda ambao mikono yako iko kwa mgonjwa tayari, unafunga kidonda, unapima sukari, unamgeuza, na ulichosikia ukiandike ili zamu inayofuata wakikute. Hilo la kuandika ndo linatushinda, tutalifikia.

Tusiongee hewani, tuchukue mgonjwa mmoja twende naye. Ni wa kutunga ila nesi yeyote aliyefanya kazi ukanda wa pwani atamtambua: mama wa miaka 58, anauza samaki wa kukaanga, ana sukari ya muda mrefu, miguu imekufa ganzi. Kaamka asubuhi moja kakuta kidole gumba cha mguu kina kidonda, damu kwenye shuka, na usiku hakusikia kitu chochote. Nyumbani wakasema huyu katupiwa kitu. Wakahangaika na dawa za kupaka, sasa kaletwa hospitali mguu umevimba, unanuka, na daktari ameshaanza kuongelea kukata.

Nadharia za kubeba mfukoni

Usizibebe zote. Kuna nyingine ni nzito, ile ya Martha Rogers ya 1970 ya binadamu kama uwanja wa nishati usioweza kugawanywa, sawa, isome ya mtihani, lakini saa nane usiku haikuambii ufanye nini. Mimi naona tano zinatosha.

Florence Nightingale, yule aliyekwenda Scutari, Uturuki, 1854 kuuguza askari wa vita ya Crimea, yeye alishika mazingira: hewa, mwanga, usafi, chakula, utulivu. Watu wanakumbuka usafi wanasahau kelele. Kwenye kitabu chake cha 1859 amewasema sana watu wanaonong'ona karibu na mgonjwa, anasikia kwamba anaongelewa lakini hasikii kinachosemwa. Sasa fikiria raundi zetu zile za watu kumi mwisho wa kitanda wanaongea Kiingereza juu ya mguu wa mtu.

Virginia Henderson ana mahitaji 14. Kupumua, kula, kujisaidia, kutembea, kulala, yanaendelea hivyo, namba 10 ni kuwasiliana na kueleza hisia zako, namba 11 ni kuabudu kwa imani yako, 12 ni kufanya kazi inayokupa thamani. Hii ni orodha nzuri ya kukagulia kama kuna kitu umeruka.

Dorothea Orem, 1971, anauliza swali moja ambalo mi ndo nalipenda kuliko yote: huyu mtu anaweza kujifanyia nini mwenyewe, na pengo liko wapi? Ukijua pengo unajua wewe ufanye nini: umfanyie kila kitu, mgawane, au umfundishe na kumtia moyo tu.

Madeleine Leininger alikuwa nesi akasomea na anthropolojia, elimu ya watu na mila zao, akaenda kuishi na watu wa Gadsup huko Papua New Guinea. Yeye anasema mila ya mgonjwa unaweza kuifanyia mambo matatu: uilinde, mkubaliane namna, au muibadilishe. Jean Watson naye, 1979, anakumbusha kwamba dakika ile wewe na mgonjwa mmekutana ni tiba tosha kama upo kweli, sio mwili upo akili iko kwenye simu.

Ongeza na Cicely Saunders. Huyu alianza kama nesi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, akaishia daktari, 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuuguzia wasiotarajiwa kupona, ya St Christopher's London. Yeye ndo alisema maumivu ya mtu yana pande nne, ya mwili, ya moyoni, ya kijamii na ya kiroho, na ukitibu upande mmoja tu mgonjwa ataendelea kulia hata umpe dawa gani.

Neno moja kuhusu ngazi ya mahitaji ya binadamu ya Maslow ya 1943, ile inayochorwa kama piramidi, maana vyuoni inapendwa mno. Inasaidia kupanga kipi kianze, mtu asiyepumua huanzi kumuuliza kuhusu imani. Ila imefanya manesi waone mambo ya roho ni ya mwisho kabisa, yakipatikana sawa yasipopatikana basi. Mgonjwa wetu anaweza kugoma kula na kugoma kusaini kwa ajili ya jambo la roho. Kwake yeye hilo ndo la chini kabisa, ndo msingi.

Hatua ya 1: Kabla hujagusa kidonda

Angalia eneo. Vuta pazia, kama pazia hakuna weka skrini, skrini hakuna waombe ndugu wa vitanda vya jirani watoke dakika chache, wanatoka tu ukiomba vizuri. Fungua dirisha, kidonda kinanuka na yeye anajua kinanuka, usivae sura ya kukunja pua. Msalimie, shikamoo mama, kama umri wako ni wa kumwamkia, jina lako, unakuja kufanya nini. Alafu kaa chini. Kweli, vuta stuli ukae. Mgonjwa akikuona umekaa anaamini una muda hata kama ni dakika tano zile zile ambazo ungesimama.

Kama ana maumivu na kaandikiwa dawa ya maumivu, impe mapema ianze kufanya kazi kabla hujafungua bandeji. Na usijidanganye kwamba mguu wa ganzi hauumi, ganzi na kuungua au kuchomachoma vinakaa kwenye mguu mmoja, mguu huo huo usiosikia msumari unaweza kumkesha usiku kucha.

Hatua ya 2: Kusaili huku mikono inafanya kazi

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo nataka tukae sana. Fomu ya kupokelea mgonjwa ina kisanduku cha dini, umeandika Muislamu, umemaliza mahitaji ya kiroho. Hujamaliza, hujaanza. Dini ni jina tu, haikuambii anaogopa nini.

Wakati unasafisha kidonda uliza maswali yanayofunguka, moja moja, na ukishauliza nyamaza. Nyamaza kweli.

"Mama, wewe mwenyewe unadhani kidonda hiki kimetoka wapi?"

Atasita, atakuangalia kama unamcheka, alafu atasema, "Mwanangu, nimelala mzima nimeamka hivi, watu wana mambo." Usimkatize na usimhubirie. Muulize, "Unalala kitandani au chini? Chandarua unacho? Na panya wapo?" Maana Dar es Salaam madaktari wa sukari wameshaandika habari za wagonjwa wenye miguu ya ganzi kung'atwa na panya usiku bila kujua, na kidonda cha namna hiyo kinaonekana asubuhi tu, kwa hiyo familia ikisema katupiwa kitu wala hawajachanganyikiwa, wametafuta maelezo ya kitu ambacho kweli hakina maelezo kwa macho yao. Ukimwambia "hakuna uchawi mama" umefunga mlango. Ukimwambia "mguu umekufa ganzi kwa ajili ya sukari, ndo maana hukusikia, hata panya angekuja usingejua, tukirudi nyumbani tuchomeke chandarua vizuri chini ya godoro", umempa maelezo mengine bila kumvunjia heshima, na umepata kitu cha kufanya. Angalia swali moja la imani limekupeleka kwenye mazingira ya Nightingale na kinga ya mguu wa pili.

Maswali mengine ya kubeba: Nani anakupikia nyumbani? Sasa hivi biashara nani anaisimamia? Usiku unalala? Ukikosa usingizi unawaza nini? Nini kinakupa nguvu wakati mgumu? Kuna kitu tunakifanya hapa wodini kinakukwaza? Hili la mwisho manesi hawalipendi ila uliza, unaweza ukakuta hajala siku mbili kwa sababu anaona aibu kuomba bedpani, chombo cha haja cha kitandani, mbele ya wanaume waliokuja kutazama wagonjwa, kwa hiyo ameamua asile asiende haja. Ungeandika "hamu ya kula imepungua" ukaomba vitamini.

Na mwili usiuache, kiholistiki sio kuongea tu. Sukari, presha, joto la mwili, mapigo ya miguu yote miwili, rangi ya vidole, ukubwa na kina cha kidonda, usaha, harufu, wekundu umefika wapi (uchore mstari kwa kalamu ya wino ili kesho uone umepanda au umeshuka). Mguu wa pili usio na kidonda nao ukague, hasa kisigino, maana mgonjwa wa sukari akilala chali siku nne tano kisigino cha pili kinaanza kuoza kimya kimya. Weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee.

Hatua ya 3: Andika matatizo, yote, kwa uzito mmoja

Kwenye mpango wa uuguzi watu wanaandika hatari ya maambukizi, maumivu, sukari kupanda, basi. Ya moyoni wanayaandika kwa maneno ya jumla, "ana wasiwasi". Wasiwasi wa nini? Andika kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukifanyia kazi. Mfano:

"Anaogopa kukatwa mguu, anauliza atazikwaje akiwa pungufu. Ameomba kuongea na kaka yake mkubwa kabla ya kusaini. Kaka anakuja kesho saa 4 asubuhi, nesi wa zamu na daktari wawepo."

Mistari mitatu tu, na kesho mtu hawezi kusema sikujua. Linganisha na "ana wasiwasi, amepewa ushauri nasaha", hiyo haisaidii yeyote.

Hatua ya 4: Gawa kazi kwa swali la Orem

Siku mbili za kwanza ana homa, yuko hoi, unamfanyia karibu kila kitu: kumwogesha, kumgeuza, insulini, dripu. Akishapata nguvu rudisha kazi moja moja mikononi mwake, na hapa tunaharibu sana kwa huruma, mgonjwa anakaa wodini muda wote nesi anamchoma insulini, siku ya kuruhusiwa anapewa bomba na kuambiwa ukachome nyumbani. Anza mapema. Leo anaangalia, kesho anavuta dawa wewe unaangalia kipimo, keshokutwa anajichoma mwenyewe. Kama macho hayaoni vizuri mistari ya bomba, na wengi wa sukari macho yameguswa, mfundishe binti au mjukuu lakini mbele yake, asijione mzigo.

Mfundishe na sukari kushuka: kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 4 mmol/L (kipimo cha mashine ya sukari), na anaweza kumeza, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, bado iko chini rudia. Ikishapanda ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu asiwekewe kitu mdomoni, awahishwe kituo cha afya.

Hatua ya 5: Mila na imani, linda, kubalianeni au badilisha

Chukua karatasi akilini ugawe mara tatu.

Ya kulinda ni mengi kuliko unavyofikiri. Anataka dua asubuhi, sawa. Anataka kanga yake badala ya shuka la hospitali, kanga safi ina shida gani. Anatawadha mara tano kwa siku, hii ni zawadi kwako: mwambie kila akitawadha auangalie mguu mzima juu na chini, na akishaosha akaushe vizuri katikati ya vidole, maana unyevu pale unaleta fangasi na mipasuko. Hakuna mpango wa kukagua miguu utakaoutunga wewe ukashinda huo ambao tayari anaufanya kila siku. Kidonda chenyewe akiongee na sheikh wake namna ya kupitisha bila kulowanisha bandeji, ruhusa ya kupangusa juu ya kitambaa au kutayamamu ipo na wagonjwa wengi hawajui.

Ya kukubaliana, hapo kuna mitishamba ya kunywa na kuna mfungo. Mitishamba usiulize kwa sauti ya polisi, uliza unatumia nini kingine, kwa sababu kuna inayoshusha sukari na ukijumlisha na insulini anazimika. Akubali kusimamisha wakati huu wa matibabu, mengine mtaongea kliniki. Mfungo wa Ramadhani akiwa na kidonda kibichi na sukari haijatulia ni hatari, mwambie wazi, na mwite sheikh amwambie yeye ruhusa ya mgonjwa kutofunga, kwa mdomo wa sheikh itaingia kuliko kwako. Miaka ya mbele akitaka kufunga aje kliniki wiki sita mpaka nane kabla, dawa zipangwe upya, na ajue kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6, na kwamba masheikh wengi wanakubali kupima sukari kwa tone la damu hakuvunji swaumu.

Ya kubadilisha ni machache na usiyumbe: majivu, mafuta ya taa, maji ya betri na unga wowote kwenye kidonda, kukanda mguu wa ganzi kwa maji ya moto, kutembea peku. Eleza sababu, onyesha, usitukane.

Hatua ya 6: Siku ya kuongelea kukata

Saini ni ya mgonjwa. Ana akili timamu, ana miaka 58, sio ya mume wala ya mtoto wa kiume. Lakini kwetu mtu haamui peke yake, na kumlazimisha aamue peke yake kwa jina la haki zake nako ni kumwacha mkiwa. Muulize anataka nani awepo, waiteni, kaeni mahali penye mlango sio koridoni, daktari aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka: tunakata wapi, kwa nini, tusipokata nini kitatokea, na kama kuna njia nyingine. Wewe kazi yako ni kumwangalia yeye usoni. Akitikisa kichwa huku haangalii mtu huyo hajakubali, amechoka. Mwambie akueleze kwa maneno yake alichokisikia.

Swali ambalo haliulizwi mpaka limeshaleta ugomvi: kiungo kikishakatwa kinaenda wapi? Familia nyingi zinataka kukizika, wengine hawataki hata kukiona. Uliza kabla, andika kwenye faili, waambie watu wa tieta, chumba cha upasuaji. Ukikuta kimeshaenda tanuri la kuchomea taka na ndugu walitaka kuzika, hapo hakuna ushauri nasaha utakaowatuliza.

Mwandae pia kwamba baada ya kukatwa anaweza kuusikia mguu usiokuwepo, unawasha, unauma, vidole vinajikunja. Asipoambiwa atadhani amerukwa na akili au ndo yale yale ya kutupiwa, na atanyamaza. Akisema unauma, unauma, mpe dawa, mwambie daktari, zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji usimkimbize kuangalia kisiki, kipande cha mguu kilichobaki. Siku ya kwanza kubadilisha bandeji muulize, unataka kuangalia au nifunike? Na mambo ya hela yasisubiri siku ya kutoka, muite afisa ustawi wa jamii mapema, mtu asiye na bima anaweza kukataa dawa ya maumivu kimya kimya akihesabu bili.

Hatua ya 7: Kukabidhiana zamu

Hapa holistiki nyingi inafia. Nesi wa asubuhi kaongea na mama vizuri, kajua yote, zamu imeisha kaondoka nayo kichwani. Wa jioni anaanza upya, "mama mbona hutaki kusaini?" Ripoti ya kitandani iwe na sentensi mbili za lazima, baada ya vaito saini (joto, presha, mapigo, upumuaji) na dripu: jambo gani linamsumbua zaidi leo, na tumemuahidi nini. Kama ulimuahidi utamwitia sheikh na hajaja, sema. Na ripoti itolewe mgonjwa akiwa ndani ya mazungumzo, sio juu ya kichwa chake, mambo ya siri yasemwe pembeni.

Wewe nesi nawe una mwili. Maji, kukaa dakika tano, kumwambia mwenzako "hiki kidonda leo siwezi, nisaidie". Watson analo hili kwenye nadharia yake, kwetu tunaliita uvivu.

Hatua ya 8: Kurudi nyumbani

Anza siku ya kwanza, sio siku ya kutoka. Nyumba ikoje, choo ni cha kuchuchumaa? Mtu wa mguu mmoja atachuchumaa vipi? Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinaokoa mtu. Nani atambadilishia bandeji, zahanati iliyo karibu wana vifaa? Insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8 na isigande, iliyofunguliwa inakaa kama wiki nne mahali pa baridi pasipo jua, asiye na friji atumie mtungi wa udongo, dawa ndani ya mfuko usioingia maji.

Chakula usimpe karatasi ya brokoli. Anauza samaki, ongea naye kwa samaki, dagaa, maharage, mchicha, kipimo cha ugali au wali kwenye sahani, mihogo ya futari kiasi gani. Kazi yake nayo, anakaanga amesimama jikoni peku karibu na mafuta na moto, huyu anahitaji kiti na viatu vilivyofunika vidole hata jikoni, na kabla ya kuvaa apitishe mkono ndani ya kiatu au mjukuu aangalie, kokoto moja inatosha kuanzisha yote upya. Mpe namba ya simu ya wodi au kliniki na mwambie dalili za kurudi bila kusubiri tarehe: wekundu unaopanda, harufu mpya, homa, malengelenge, kidole kubadilika rangi.

Akija kliniki mara ya kwanza usianze na kitabu cha sukari. Muulize analala vipi, nani anauza samaki, kisiki kinamsumbua usiku au mchana. Alafu mwambie avue kiatu cha mguu uliobaki, kila mara akija, hata kama hajalalamika kitu, hata foleni iwe ndefu namna gani, maana huo ndo ulio hatarini sasa na yeye hausikii.